Besi Yenye Kiuno cha Fidla

Mwaka juzi, Jumamosi moja ya mwisho wa mwezi, nilikwenda Kariakoo kutafuta chaja ya kompyuta. Nikarudi nyumbani na gitaa la besi. Wala sikuwa nimepanga. Lilikuwa limening'inizwa ukutani kwenye duka la vyombo vya mtumba, katikati ya kinanda kilichong'oka vibonyezo na spika za harusini. Dogo, la kahawia, na kiuno kama cha fidla. Kichwani halikuwa na jina la kiwanda chochote ninachokijua. Lilikuwa nakala, na pengine nakala ya nakala. Lakini umbo lile nilikuwa nimeliona mara nyingi mno, likiwa kifuani pa Paul McCartney, kwenye picha na kwenye filamu za zamani zisizo na rangi. Sikuomba kulijaribu. Sikuuliza kama shingo imenyooka. Niliuliza bei tu, nikapunguziwa kidogo, nikalipa.

Jioni nikalipeleka Temeke kwa mjomba wangu. Mjomba alipiga besi kwenye bendi ya dansi miaka ya 1970 na 1980, na katika ukoo wetu yeye ndiye mahakama ya rufaa kwa mambo yote ya muziki. Baada ya shikamoo na marahaba akalipokea, akafumba jicho moja akaitazama shingo kwa urefu wake, kama seremala anavyokagua ubao, kisha akakigonga kifua chake kwa kidole na kusikiliza.

"Umelipendea nini?"

"Paul McCartney analipiga hili, mjomba. Yule wa Beatles."

"Namjua. Na yeye alilipendea nini?"

Nikakosa jibu. Miaka mingi namsikiliza huyo mtu, nimesoma vitabu vyake na vya wenzake, na swali hilo halikuwahi kunijia kichwani. Mjomba akanirudishia gitaa langu. "Basi kaulize kwanza," akasema, akaendelea na chai yake.

Makala haya ndiyo majibu niliyomrudishia, ila nimeyarefusha kidogo kwa ajili yenu. Na kabla hamjanicheka, wasomaji wenzangu, kila mmoja ajichunguze. Nani kati yetu hajawahi kununua daftari au kalamu ya aina fulani kwa sababu alisikia mwandishi fulani anaitumia? Nani hakuanza kwa kuandika tungo za kumwiga Shaaban Robert, mpaka na koma zake? Ugonjwa ni mmoja. Tofauti ni kwamba kwa wapiga besi ugonjwa huu una historia yake, tena ni historia fupi unayoweza kuifuata tangu siku ya kwanza.

Tuanzie hapo. Gitaa ni chombo cha karne nyingi, ngoma ndiyo usiseme, lakini gitaa la besi la umeme tunalolijua leo ni mtoto wa juzi. Mwishoni mwa mwaka 1951, huko Fullerton, jimbo la California, fundi wa redio aitwaye Leo Fender alianza kuuza chombo alichokiita Precision Bass. Kabla yake kazi ya besi ilifanywa na ile besi kubwa ya kusimama, ambayo sisi huku tunaiona kwenye taarab ya Zanzibar. Ilikuwa kubwa kuliko mpigaji, ngumu kusafirisha, na bendi ikipandisha sauti haisikiki. Shingo yake haina alama, kwa hiyo kidole kikikosea kidogo tu, sauti nayo inapotoka. Fender akatengeneza besi ya kuvaa begani kama gitaa, ya ubao mzima, yenye sumaku ya kunasa mtikisiko wa nyuzi na kuupeleka kwenye spika, na vile vyuma vyembamba vilivyokatiza shingo ili kidole kikae mahali pake. Jina lenyewe linaeleza: usahihi.

Sasa jiulize. Chombo kinapokuwa kipya namna hiyo, nani atakufundisha kukipiga? Hakuna mwalimu. Hakuna shule. Hakuna babu aliyekipiga kabla yako. Mmoja wa waliotangulia kukionyesha kwa watu alikuwa Monk Montgomery, aliyekipiga kwenye bendi ya Lionel Hampton mwaka 1953, na yeye alikuwa mpigaji wa besi ya kusimama ambaye mwanzoni alisitasita hata kukishika. Kwa kizazi kizima kilichofuata, namna ya kuwa mpiga besi ilikuwa ni kumtazama mtu anayekipiga na kutamani kuwa yeye. Na kitu cha kwanza unachokiona kwa mtu aliye jukwaani, hasa kama uko mbali au unamwangalia kwenye runinga, ni umbo la chombo chake. Vidole huvioni vizuri. Masikio yake huwezi kuyaona kabisa.

Ndiyo maana swali la mjomba lilikuwa zito kuliko alivyolitamka.

Twende Liverpool. Mwishoni mwa 1959 kijana mchoraji, Stuart Sutcliffe, rafiki wa John Lennon kutoka chuo cha sanaa, mchoro wake ulikubaliwa kwenye maonyesho makubwa ya mji huo, na tajiri mwenye maonyesho, John Moores, akaununua kwa pauni 65. Kwa mwanafunzi wa wakati ule hizo zilikuwa fedha nyingi. Marafiki zake walikuwa na bendi isiyo na mpiga besi, wakamshawishi, na fedha za mchoro zikaingia kwenye gitaa la besi la Höfner, kubwa, lenye kifua kitupu ndani. Sutcliffe hakuwa mwanamuziki na hakujifanya kuwa. Alikwenda nao Hamburg, Ujerumani, mwaka 1960, wakapiga kwenye vilabu usiku kucha. Huko akampata mchumba, na mwaka 1961 akaamua kubaki arudi kwenye uchoraji wake. Tarehe 10 Aprili 1962 alifariki dunia huko huko Hamburg, akiwa na miaka 21.

Alipoiacha bendi, besi ilibaki yatima. McCartney mwenyewe amesimulia mara nyingi kwamba hakuna aliyeitaka. Wote walikuwa wapiga gitaa, wote walitaka kusimama mbele, na besi machoni pao ilikuwa kazi ya mtu wa nyuma asiyetazamwa na msichana yeyote. Ikamwangukia yeye.

Akaenda dukani, hapo hapo Hamburg. Besi za Fender zilikuwepo, lakini bei yake ilikuwa kama pauni 100, fedha ambazo hakuwa nazo na hakutaka kuzikopa. Kulikuwa na ile ya Höfner yenye umbo la fidla, kwa pauni zipatazo 30. Tena yeye anatumia mkono wa kushoto. Gitaa la kawaida ukiligeuza kwa ajili ya mkono wa kushoto linakuwa kama shati lililovaliwa nyuma mbele, ile pembe iliyokatwa inakwenda juu. Hili la fidla pande zake mbili zinafanana, kwa hiyo hata likigeuzwa halionekani limegeuzwa.

Basi. Hayo ndiyo majibu. Bei, na mkono wa kushoto. Hakulichagua kwa sauti yake, hakulichagua kwa sababu shujaa wake alikuwa nalo. Alinunua alichokimudu na kisichomfanya aonekane kichekesho.

Na lile umbo? Lina asili yake. Karl Höfner alianzisha kazi yake mwaka 1887 katika mji wa Schönbach, wakati huo ukiwa chini ya dola ya Austria na Hungaria. Ulikuwa mji wa mafundi wa fidla. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia wakazi Wajerumani wa eneo hilo walifukuzwa, na mafundi wengi wakaanza upya Bubenreuth, kijiji cha Bavaria, wakiwa wamebeba ujuzi wao vichwani. Walter Höfner, mtoto wa Karl, alipotaka kutengeneza besi ya umeme mwaka 1955, hakuiga ubao wa Fender. Alifanya kile ambacho familia yake ilikijua: kifua chenye uwazi ndani, chenye kiuno, kama fidla. Mwaka 1956 ikaonyeshwa kwenye maonyesho ya Frankfurt kwa namba 500/1. Kwa hiyo gitaa nililolinunua Kariakoo, nakala ya nakala, ni kumbukumbu ya fidla za mji ambao waliozitengeneza walifukuzwa. Hilo nilipolisoma nililitazama upya, pale kwenye kona ya chumba changu.

Kilichofuata kinajulikana. Tarehe 9 Februari 1964 Beatles walitokea kwenye kipindi cha Ed Sullivan huko Marekani, kikatazamwa na watu wapatao milioni 73 kwa usiku mmoja. Vijana wengi mno walioamua usiku ule kuanzisha bendi waliona umbo moja la besi kwenye kioo. Kiwanda cha Bubenreuth kikapata wateja ambao hakikuwahi kuwaota, na chombo kikapata jina la utani ambalo bado kinalo: besi ya Beatle. Sababu ya pauni 30 ikafutika. Kijana wa Marekani alikuwa anauziwa kama kitu cha fahari kile ambacho kijana wa Liverpool alikichukua kwa sababu mfuko wake ulikuwa mtupu.

Nilipofika hapa kwenye kusoma kwangu, nikaona aibu kidogo. Nilitaka niishie kusema kwamba kumfuata mtu kwa chombo chake ni ujinga, tumekwisha. Lakini historia haikukubali, maana nilipoendelea nikakuta kwamba McCartney naye alikuwa na mtu wake.

Mtu huyo ni James Jamerson. Alizaliwa Carolina Kusini mwaka 1936, akahamia Detroit akiwa kijana, akajifunza besi ya kusimama shuleni, na baadaye akawa mpiga besi wa studio ya Motown. Ukisikia nyimbo za Supremes, za Four Tops, za Stevie Wonder wa miaka ya 1960, na ukajikuta kichwa kinatikisika kabla hujajua kwa nini, mara nyingi ni yeye. Alipiga Fender Precision ya mwaka 1962, yenye nyuzi nene za zamani ambazo hakupenda kuzibadilisha, na mkono wa kulia alitumia kidole kimoja tu cha shahada, mazoea aliyotoka nayo kwenye besi ya kusimama. Kidole hicho wenzake walikiita ndoano.

Lakini Motown haikuwa ikiandika majina ya wapigaji kwenye santuri zake. Jina la Jamerson lilikuja kuonekana kwenye albamu ya Marvin Gaye ya mwaka 1971, "What's Going On". Kwa hiyo McCartney alimpenda mtu kwa miaka bila kulijua jina lake. Amesema hivyo mwenyewe. Kile alichokipokea kutoka kwake alikipokea kwa masikio matupu. Na ukisikiliza besi ya Beatles inavyobadilika kuanzia 1965, inavyoanza kuimba yenyewe chini ya wimbo badala ya kupiga hatua moja moja, utakubali kwamba alikipokea kweli.

Kwa hiyo kumbe kuna njia mbili za kumfuata mtu. Moja ni ya macho, nyingine ni ya masikio. Ya macho inauzwa dukani. Ya masikio haiuzwi popote, na mara nyingi anayekupa hata hajui kwamba amekupa. Jamerson alifariki Los Angeles mwaka 1983 akiwa na miaka 47, na ile Fender yake iliibwa siku chache kabla ya kifo chake. Mpaka leo haijapatikana. Pengine ipo mahali fulani, mtu anaipiga, hajui ni ya nani.

Ningeweza kuishia hapo nikiwa nimejihukumu mwenyewe: macho mabaya, masikio mazuri. Ila kuna kisa kingine kinachoharibu hukumu hiyo.

Mwaka 1965 kijana mwimbaji wa kwaya ya kanisa, Chris Squire, alikuwa anafanya kazi kwenye duka la vyombo vya muziki mjini London. Alinunua besi ya Rickenbacker, chombo cha Kimarekani chenye mabega kama mawimbi, akitumia punguzo la bei wanalopewa wafanyakazi. Mwaka 1968 alishiriki kuanzisha bendi ya Yes. Wakati wa mtindo wa maua alilibandika gitaa lile karatasi ya maua, baadaye akaibandua, likapakwa rangi, likakwanguliwa, likapakwa tena, na kila lilipokwanguliwa ubao ulipungua. Likawa jembamba na jepesi kuliko lilivyotoka kiwandani. Sauti yake ilikuwa kali, inanguruma chini na kukata juu kwa wakati mmoja, na watu walioisikia hawakuisahau.

Mmoja wa watu hao alikuwa kijana wa Toronto, Kanada, mtoto wa wazazi Wayahudi walionusurika Auschwitz. Anaitwa Geddy Lee. Mwaka 1974 bendi yake, Rush, ilisaini mkataba na kampuni ya Marekani na kupewa fedha za kuanzia. Wakaenda dukani kama watoto siku ya Idi. Geddy Lee akanunua Rickenbacker, na hajawahi kuficha sababu: Chris Squire.

Huyu basi ni ndugu yangu kabisa. Alikwenda dukani na jina la mtu mwingine mdomoni. Lakini kilichotokea? Squire alipiga nyuzi kwa kipande cha plastiki kati ya kidole gumba na cha shahada. Lee akapiga kwa vidole vitupu. Squire alikuwa na mpiga gitaa na mpiga kinanda pembeni yake. Rush walikuwa watatu tu, kwa hiyo Lee alilazimika kuijaza nafasi yote, huku anaimba, huku mguu unabonyeza kinanda cha chini. Chombo kilikuwa cha aina ile ile, na kilichotoka hakikuwa cha Squire tena. Ukiwajua wote wawili, huwezi kuwachanganya hata ukiwa umefumba macho.

Halafu kuna nyongeza ya kuchekesha. Miaka michache baadaye, akiwa safarini, Lee aliingia kwenye duka la kuweka rehani huko Kalamazoo, Michigan, akakuta Fender Jazz ya mwaka 1972 inauzwa kama dola 200. Akainunua. Polepole ikawa ndiyo besi yake kuu, na mwaka 1998 kampuni ya Fender ikaanza kutoa besi yenye jina lake, iliyotengenezwa kwa mfano wa ile ya dukani Kalamazoo. Leo vijana wanaingia madukani kuitaka hiyo kwa sababu Geddy Lee anaipiga. Rickenbacker nao mwaka 1991 walikuwa wametoa besi yenye jina la Squire. Gurudumu linazunguka: punguzo la mfanyakazi, rehani ya mtu asiyejulikana, bei ya pauni 30, vyote vinageuka kuwa mifano ya kuigwa.

Chris Squire alifariki Juni 2015. Mwezi Aprili 2017 bendi ya Yes iliingizwa kwenye Jumba la Heshima la muziki wa roki, na kwenye sherehe pale Brooklyn nafasi ya besi ilikuwa wazi. Aliyepanda jukwaani kuishika, kwenye wimbo wao maarufu kuliko yote, alikuwa Geddy Lee. Alikuwa na miaka 63. Kijana aliyenunua gitaa la mtu kwa mapenzi, miaka 43 baadaye ndiye aliyeonekana anafaa kusimama pale mtu huyo alipokuwa akisimama. Nikajiambia: huyu alianza kwa macho kama mimi. Macho yalimfikisha mlangoni tu, kweli, lakini bila macho asingeujua mlango.

Niliporudi Temeke nilikuwa na majibu. Mjomba alinisikiliza mpaka mwisho. Nilipofika kwenye pauni 30 na mkono wa kushoto alicheka mpaka akaweka kikombe chini.

"Bei! Si nilijua? Mpiga besi hana hela popote duniani."

Nikamgeuzia swali. Na wewe mjomba, ulichagua lipi? Nani alikuwa mtu wako?

Hapo ndipo nilipojifunza jambo ambalo kwa miaka yote ya kukaa naye sikuwahi kulijua. Mjomba hakuwahi kuchagua. Wengi wa wanamuziki wa dansi wa enzi zake walikuwa waajiriwa. Bendi zilikuwa za jumuiya, za mashirika, za majeshi; ile NUTA Jazz iliyoanzishwa mwaka 1964 ilikuwa mali ya chama cha wafanyakazi, na ilipobadilika jina kuwa JUWATA na baadaye OTTU ilikuwa ni kwa sababu chama chenyewe kimebadilika jina. Vyombo vilikuwa vya bendi. Ukiacha kazi unaondoka na vidole vyako. Mjomba aliniambia kwamba kwenye bendi yake gitaa lilitoka stoo saa kumi na mbili jioni na kurudi stoo alfajiri, na mwenye funguo alikuwa anahesabu. Alipiga besi miaka kumi na minne. Hajawahi kuwa nayo nyumbani hata usiku mmoja.

"Nilipiga iliyokuwepo," alisema. "Ilikuwa nyekundu. Sijui hata ilikuwa ya kampuni gani, kichwa kilikuwa kimepakwa rangi ya mlango."

Mtu wake alikuwa nani, basi? Akanitajia mpiga besi mmoja wa bendi ya wapinzani, ambaye jina lake halimo kwenye kitabu chochote nilichokisoma. Akamweleza kwa muda mrefu. Alikuwa anachelewa kidogo, kidogo tu, anauacha mguu wa mcheza dansi utangulie, ndipo anaudaka. Mjomba alikuwa akimaliza zamu yake anakwenda kusimama nje ya ukumbi wa wenzao kumsikiliza ukutani, maana kiingilio hakuwa nacho. Ukutani, bila kumwona. Nikamkumbuka McCartney na Jamerson wake asiye na jina, nikanyamaza.

Kuna habari moja zaidi niliyomsimulia jioni ile. Ile Höfner ya kwanza ya McCartney, ya mwaka 1961, iliibwa Oktoba 1972 kutoka kwenye gari lililoegeshwa mtaa wa Notting Hill, London. Wakati huo McCartney alikuwa na besi nyingine, pamoja na Höfner ya pili aliyokuwa nayo tangu 1963 na Rickenbacker aliyopewa Marekani mwaka 1965. Hakuwa na shida ya chombo. Lakini aliendelea kuiulizia. Mwaka 2023 watu walioamua kuitafuta walitangaza hadharani, taarifa zikaanza kuingia, na besi ikapatikana kwenye dari la nyumba moja kusini mwa Uingereza, imeharibika kidogo lakini ni yenyewe. Februari 2024 ikatangazwa kwamba imerudi kwa mwenyewe. Miaka 51.

"Ile ya bei rahisi?" mjomba akauliza.

"Ile ile."

Akatafakari. Kisha akasema angeijua ile nyekundu hata leo, hata gizani, kwa sababu uzi wa tatu ulikuwa una mlio wa nyuki ukibonyeza karibu na kichwa, na yeye alijifunza kuukwepa, mpaka kuukwepa kukawa ndiyo mtindo wake. Watu walikuwa wanamsifia kwa mtindo huo.

Sasa naamini hivi. Sababu ya kukichagua chombo ni fupi: bei, mkono wa kushoto, picha kwenye runinga, mtu uliyempenda. Yoyote inatosha kukutoa dukani, na hakuna iliyo bora sana kuliko nyingine. Sababu ya kubaki nacho ndiyo inayochukua miaka, na hiyo huwezi kuiazima kwa mtu. McCartney hakuitafuta Höfner yake kwa kuwa ilikuwa rahisi. Mimi yangu sikuwa nayo bado. Nilikuwa na picha ya mtu mwingine tu, ina nyuzi nne.

Mjomba alivuta gitaa langu akaliweka pajani. Akalisifu wepesi, akalilaumu shingo kwamba inataka kuinama yenyewe, akazikaza nyuzi moja moja huku amegeuza uso pembeni, anasikiliza. Halikuwa limeunganishwa na spika yoyote. Akapiga kitu kirefu, cha taratibu, kinachochelewa kidogo kila mwisho wa mzunguko, na kwa kuwa kifua cha gitaa lile kiko wazi ndani kama fidla, niliweza kukisikia vizuri tu pale sebuleni.

Alipomaliza aliniomba nimwachie mpaka Jumapili.

Ni mwezi wa nane sasa. Liko kwake, limeegemea kabati la vyombo, limefunikwa kanga. Mimi nakwenda kila Jumapili baada ya chakula cha mchana kujifunza, na nikitaka kulishika namwomba yeye.